Ukurasa wa Arobaini na Moja

Siku tatu zilikuwa zimepita tangu Piusi Tluway anyimwe mke, na asubuhi ya siku ya nne alijikuta amekaa kiti cha nyuma cha Landikruza, ubavuni kwa mzee aliyemnyima, akitazama kisogo cha binti aliyenyimwa.

Brigita ndiye aliyeshika usukani. Huu ulikuwa mwaka wake wa nne kuendesha na kuongoza watalii, mmoja wa wanawake wachache wa Karatu wanaoshusha gari hadi ndani ya kreta na kulipandisha bila kumwomba mwanamume ushauri. Siku nyingine Piusi angefurahi kumwona kazini. Leo aliambulia shingo tu, nywele zilizosukwa mistari minne, na mara moja moja, kwenye kioo cha mbele, macho mawili yaliyomtafuta kisha yakamkimbia.

Hawakuwa wamezungumza tangu Jumapili. Jumapili hiyo baba mdogo wa Piusi, mzee Julius, alifunga safari kutoka Endamarariek na mwenzake mmoja hadi nyumbani kwa Mwalimu Lazaro, baba yake Brigita, mjini Karatu, kumposea. Walipokelewa vizuri, wakapewa chai na mahindi ya kuchemsha, wakasikilizwa hadi mwisho. Kisha Mwalimu akawajibu kwa upole kwamba kijana wao ni mtu mwema, hana ugomvi na mtu, lakini ana miaka ishirini na tisa na hajafanya kitu. Kunakili nota za watu wengine si kazi ya kumtunzia mtu mke. Mzee Julius alirudi na jibu hilo kama lilivyo, akamwambia Piusi huku akitazama pembeni, maana yeye mwenyewe hakuona pa kulipinga.

Na nani angelipinga? Mwalimu Lazaro alikuwa Mwalimu Lazaro. Kuanzia Mbulu hadi Arusha hakukuwa na parokia isiyoimba Misa zake. Watu walioana kwa nyimbo zake na kuzikwa kwa nyimbo zake. Piusi alikuwa yule kijana anayebeba begi la Mwalimu, anayechonga penseli za Mwalimu, aliyekuwa akisimama nyuma ya kinanda kumfungulia Mwalimu kurasa.

Ukweli waliujua watu wawili tu, na wote wawili walikuwa wamekaa kiti cha nyuma.

Miaka mitano iliyopita Mwalimu alipatwa na kiharusi kidogo. Mkono ulirudi, mguu ukarudi, maneno yakarudi. Muziki haukurudi. Piusi alikuwa wa kwanza kujua. Alikwenda kumjulia hali, Brigita akiwa bado chuoni Moshi, akafungua kinanda ampigie mgonjwa wimbo wake mwenyewe wa Pasaka. Mwalimu akaziba masikio, akamwuliza kwa nini anapiga mabati. Piusi akajaribu tena taratibu, kwa kidole kimoja. Mwalimu akaanza kulia. Vitu vingine vyote alivisikia kama zamani, mvua, jogoo, watu wakiongea, ila nota zikishapangwa zikawa wimbo, kichwani mwake ziligeuka kelele.

Jioni ile alimshika Piusi mkono, akamwapisha kwamba hatamwambia mtu yeyote, hata Brigita, kwamba Mwalimu Lazaro hasikii muziki. Piusi akaapa. Huyu ndiye mzee aliyemfundisha nota akiwa mtoto asiye na baba, akamwachia ufunguo wa kinanda cha kanisa wakati wengine walimfukuza. Ilikuwa imebaki miezi minne ifike jubilei ya jimbo na Misa yake haijaandikwa. Piusi akaiandika, akidhani ni hiyo moja tu. Ikafuata ya pili. Mwaka jana, katika stoo ya mama yake kule Endamarariek, katikati ya magunia ya mahindi, aliandika kwa miezi kumi na mmoja kazi kubwa kuliko zote, kurasa arobaini na sita za kwaya na vinanda vya nyuzi, akaiita *Ukungu wa Olmoti*. Juu yake likaandikwa jina la Mwalimu. Kila aliyeisoma alisema mzee, uzeeni, amekumbuka mapenzi.

Kazi hiyo ndiyo iliyomleta Isaya, aliyekaa mbele kando ya Brigita na kamera mapajani. Isaya alikuwa mtu wa Mbulu, lakini miaka ishirini sasa anaishi Ujerumani, anaongoza kwaya na okestra huko. Angeipiga *Ukungu wa Olmoti* mwezi wa kumi na moja, mbele ya watu elfu mbili. Alikuja kumpa Mwalimu mkono, na akaomba kabla ya kuondoka apelekwe auone huo mlima wa Olmoti wenyewe. Kwa hiyo walipita lango la hifadhi la Loduare asubuhi, wakapanda msitu, wakaambaa ukingo wa kreta ambao siku hiyo ulikuwa umefunikwa na ukungu mtupu, wakashika njia ya kijiji cha Nainokanoka.

Mvua za usiku zilikuwa zimeiharibu njia. Brigita aliliongoza gari kwa subira, akipanga magurudumu juu ya matuta, lakini hatua mia mbili kabla ya maduka ya Nainokanoka upande wa kushoto ulidondokea kwenye mtaro, gari likalala ubavu nusu na kunyamaza. Alishuka, akazunguka, akapima tope kwa kijiti, akasema hawatoki bila watu wa kusukuma. Simu haikuwa na mtandao. Wakamshusha Mwalimu, Piusi akampa bega, wakaenda polepole hadi dukani kwa Nareyu.

Nareyu alikuwa mama wa Kimasai aliyeuza sukari, unga, mashuka na betri. Alimfahamu Brigita kwa miaka mingi. Akawaweka kwenye benchi karibu na jiko, akawapa chai ya maziwa, akasema vijana wako na ng'ombe upande wa juu, wangepatikana bomani kwa Parmuat, lakini wanywe chai kwanza. Nje ya mlango hakukuwa na mlima wala njia. Kulikuwa na weupe tu, na kengele za ng'ombe ndani yake.

Isaya hakuwa mtu wa kukaa bure. Alifungua mkoba, akatoa kitabu cha nota, akaomba radhi kwa kuleta kazi mbele ya chai. Alikuwa na jambo moja. Ukurasa wa arobaini na moja, sauti ya alto inashuka chini mno, na vinanda vinaifunika. Je, Mwalimu angeweza kuipandisha?

Mwalimu alisema ataiangalia nyumbani.

Isaya akamweleza kwamba kesho jioni anaruka, na wachapaji wanangoja. Wangeweza kuifanya hapa hapa. Muda walikuwa nao.

Mwalimu aliweka mikono yote miwili juu ya fimbo. Kisha akamgeukia Piusi. "Chukua kalamu," akasema. "Unajua ninavyopenda."

Piusi akachukua kalamu. Aliiweka karatasi juu ya gunia la unga na kuandika, na kwa robo saa akasahau mahali alipo, kama alivyosahau siku zote. Alipoinua kichwa aliona Mwalimu amefumba macho kama mtu anayewaza, Isaya anaitazama kalamu, na Brigita anawatazama wote watatu.

Isaya aliupokea ukurasa. Akamwomba Brigita, kwa kuwa alisikia ndiye soprano wa kwanza wa kwaya ya Karatu, aimbe sauti yake ya ukurasa huo, yeye aimbe alto mpya, waone zinavyokaa pamoja. Brigita aliijua soprano kwa moyo. Akaweka kikombe chini, akaanza.

Piusi aliinamisha kichwa. Kwa miezi yote ya mazoezi hakuwahi kumsikia akiimba sehemu ile peke yake. Aliiandika akiisikia kwa sauti hiyo, kwa pumzi hiyo, kwa ile namna yake ya kuchelewa kidogo kabla ya nota ya juu. Nareyu aliacha kupanga biskuti, akasimama.

Isaya akaingia na alto. Katika mstari wa pili hakuona alama ndogo ya kupandisha nota, maana wino ulikuwa haujakauka na kidole chake kiliichafua. Aliimba nota iliyo chini yake. Sauti mbili zikagongana vibaya, na zikaendelea kugongana hadi mwisho wa mstari. Kidole cha Piusi kiliruka chenyewe juu ya goti. Brigita alikunja uso, akamaliza, akageuka moja kwa moja kumtazama baba yake, kwa sababu tangu utotoni alijua kitakachofuata. Huyu ndiye mtu aliyewahi kusimamisha mazoezi ya watu arobaini kwa ajili ya mwimbaji mmoja wa sauti ya tena, mstari wa nyuma, aliyekuwa chini kidogo.

Mwalimu alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Baba," Brigita akasema taratibu, "tumepatia?"

"Vizuri sana, mama. Hapo msiguse."

Isaya aliutazama ukurasa, akaiona alama aliyoiruka, akamtazama mzee kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akafunga kitabu, akasema anakwenda nje kuona kama ukungu umepungua. Brigita alivaa koti lake.

"Piusi, twende tukawaite vijana," akasema. Haikuwa ombi.

Walipanda njia ya ng'ombe hadi duka likapotea nyuma yao. Brigita alitangulia. Halafu akasimama ghafla, Piusi nusura amgonge.

"Tangu lini?"

Piusi akajifanya anasikiliza kengele za ng'ombe.

"Nakuuliza, Piusi. Baba ameacha kusikia tangu lini?"

"Muulize yeye."

"Nakuuliza wewe."

"Mimi siwezi kukujibu, Brigita."

Brigita alimtazama usoni. Matone ya ukungu yalikuwa yamekaa kwenye nyusi zake, na Piusi, katikati ya hofu yote ile, alitamani kuyafuta kwa kidole.

"Hujasema si kweli," Brigita akasema.

Akaanza kukumbuka kwa sauti, kama mtu anayetafuta kitu sandukuni. Kiharusi kile. Kinanda cha nyumbani kilichouzwa eti kinachukua nafasi. Baba aliyeacha kwenda mazoezini, akisema uzee. Akamtajia Misa ya jubilei. Piusi akatazama chini. Akamtajia wimbo wa harusi ya dada yake mkubwa, Selina. Piusi akaendelea kutazama chini. Kila alichotaja hakikupata jibu, na kila kilichokosa jibu alikipokea kwa kutikisa kichwa.

"Na Olmoti?"

Hapo Piusi hakuweza kuutawala uso wake. Miaka miwili iliyopita Brigita alimleta huku siku ya mapumziko, waone maporomoko ya maji. Hawakuyaona. Ukungu ulishuka kama leo, wakakaa juu ya jiwe wakiyasikiliza tu, na Brigita akamshika mkono kwa mara ya kwanza.

"Nilipoisoma mara ya kwanza nilishtuka," Brigita akasema, na sauti yake ikapungua. "Nilidhani Baba alituona. Sikuelewa amejuaje. Niliona aibu wiki nzima kukaa naye mezani."

"Brigita."

"Ngoja. Leo nilikuwa na neno la kukwambia. Tangu Jumapili nimelifikiria. Nilitaka kukwambia kwamba kama Baba hatatoa baraka, nitakwenda na wewe kwa paroko bila baraka yake. Nilikwishaamua. Nilikuwa natafuta nafasi tu ya kukuvuta pembeni."

Piusi alinyoosha mkono, lakini Brigita alirudi nyuma hatua moja.

"Sasa siwezi," akasema. "Wewe ulikaa ukamsikia mzee Julius akikuletea lile jibu, kwamba hujafanya kitu, ukanyamaza. Ulinyamaza kwa watu wa kwenu. Mtu asiyeweza kusema 'hiki ni changu' juu ya wimbo alioutoa moyoni mwake, kesho atasemaje juu yangu?"

"Niliapa."

"Uliapa usimseme Baba. Uliapa pia ujifute wewe?"

Piusi alimwambia tu kwamba anangoja Mwalimu aseme mwenyewe, siku moja.

"Na akifa hajasema?"

Kengele zilisogea karibu. Parmuat akatokea kwenye ukungu na ng'ombe wake na vijana wanne, akawasalimu, akauliza kama ni wao wenye gari lililolala mtaroni. Brigita akajifuta uso kwa mkono wa koti, akamsalimu kwa Kimasai, na kuanzia hapo akawa mtu wa kazi. Hakugeuka nyuma tena.

Vijana walipokuwa wakikusanya mawe na matawi ya kuweka chini ya magurudumu, Brigita alimrudisha Piusi dukani, kwa neno moja, akakae na mzee. Nareyu alikuwa ametoka kuangalia. Mwalimu alikuwa peke yake kwenye benchi. Chai yake ilikuwa imepoa bila kuguswa.

"Amejua," Mwalimu akasema.

"Sikumwambia."

"Najua hukumwambia. Wewe huwezi."

Aliyasema kwa upole, karibu kwa mapenzi, na ule upole ndio uliomchoma Piusi. Alikaa mbele yake juu ya gunia. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitano alimwuliza Mwalimu swali ambalo hakuwa tayari kusikia jibu lake. Aliwezaje, yeye katika watu wote, kuwaambia wazee wake kwamba hajafanya kitu?

Mzee alitazama mlango, mahali ambapo sauti ya Brigita ilisikika ikiwapanga vijana.

"Nikikupa binti yangu," akasema, "utabaki hapa kufanya nini?"

Piusi alidhani hakusikia vizuri.

"Unabaki kwa sababu unamngoja. Usinitazame hivyo, mimi ni mtu mzima, naona. Ukimpata utaondoka naye, na nyimbo zitakwenda na wewe. Watu watakuja Jumapili kuniuliza wimbo mpya uko wapi." Akaibana fimbo kati ya magoti. "Wewe hujui ilivyo kuwa ndani ya kanisa watu wakaimba jina lako, na wewe unasikia mabati. Nimebaki na jina tu, Piusi. Nikilitoa nitabaki na kelele."

Miaka yote Piusi aliamini kuwa amefungwa na kiapo. Sasa aliona kwamba kiapo kilikuwa kamba moja tu. Kamba ya pili ilikuwa Brigita mwenyewe, na Mwalimu alikuwa ameishika kwa makusudi, akimlegezea kidogo kila alipoona anachoka, chakula cha mchana cha Jumapili, safari ya pamoja, neno zuri mbele ya binti. Alitaka kukasirika. Hasira ilikuja, ikakuta mbele yake mzee anayelia bila sauti, ikakosa pa kukaa. Piusi alikunywa ile chai iliyopoa kwa sababu ilikuwa mbele yake.

Gari lilitoka mtaroni saa saba mchana. Watu kumi, pamoja na majirani wa madukani, walilisukuma, wakatoka wote wamejaa tope hadi kifuani, na Brigita naye. Nareyu akaleta maji. Isaya alirudi na viatu mikononi, akacheka kidogo, akasema Olmoti wameifuata hawakuiona, lakini ameelewa muziki. Kisha akafungua tena mkoba juu ya meza ya duka.

Alisema lililobaki ni dogo. Kurasa zote zilishatiwa sahihi ya mtunzi zilipotumwa. Huu mpya ulihitaji sahihi pia, ndipo wachapaji waupokee. Akauweka mbele ya Mwalimu, juu yake akaweka kalamu. Alama ile ndogo ilikuwa imeandikwa upya, kwa mkono wa Isaya, safi, na nyeusi kuliko nota nyingine zote.

Mwalimu akaishika kalamu.

Brigita alikuwa mlangoni, ananawa mikono. Maji yaliendelea kumiminika lakini mikono yake ilikuwa imetulia. Hakumtazama baba yake. Alimtazama Piusi, na hayakuwa macho ya kuomba. Yalikuwa macho ya mtu anayeaga.

Piusi alijiambia kwamba hatamsema Mwalimu. Hilo aliliapa, na angelishika hadi kaburini. Lakini karatasi ile ilikuwa mbele yake, aliiandika leo, juu ya gunia la unga, mbele ya watu wanne.

"Ukurasa huo ni wangu," akasema.

Sauti ilitoka ndogo, ya kukwaruza. Isaya hakushtuka. Alimgeukia Mwalimu kwa heshima, akamwuliza kama ni kweli.

Mzee alimtazama Piusi. Katika macho yale Piusi aliona kwanza mshangao, kisha hofu tupu, hofu ya mtu anayengoja neno la pili. Piusi hakulisema. Alisimama tu, mikono imening'inia, akingoja naye.

"Ni wake," Mwalimu akasema mwishowe. Akaisukuma kalamu upande wa pili wa meza. "Huo tu."

Piusi akainama, akaandika. *Piusi Tluway, Endamarariek.* Hakuwahi kuliandika jina lake chini ya nota, na mkono haukujua liandikwe kwa ukubwa gani, likatoka dogo, limebanana pembeni kama la mtoto wa darasa la kwanza. Isaya alilipuliza likauke. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeongelea hali ya hewa, kwamba okestra yake kila mwaka huagiza kazi kwa mtunzi kijana, na kwamba angependa kuona kurasa nyingine za huyu bwana Tluway kama anazo. Piusi aliutazama mkoba. Arobaini na tano zilikuwa mle mkobani, mbele ya macho yao wote, na hakuna hata moja aliyoweza kuinyooshea kidole.

Wakashika njia ya kurudi. Ukungu ulikatika walipoufikia ukingo, kreta ikafunguka chini yao na ziwa lake na vidoa vya nyumbu, na Brigita, ambaye siku zote husimamisha gari pale hata kwa mgeni aliyeiona mara kumi, hakusimama. Karibu na lango Mwalimu alisema, akitazama dirishani, "Kesho usije kwangu."

"Sawa, Mwalimu," Piusi akajibu.

Wakamshusha Isaya kwenye loji yake. Wakafika nyumbani, Brigita akamshika baba yake mkono hadi mlangoni, akamvua viatu vya tope, akakaa ndani kidogo. Piusi alingoja garini, hajui kama ashuke aende zake au abaki. Brigita alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu. Aliwasha gari, akampeleka hadi njia panda ya Endamarariek, akazima.

"Amekana," akasema. "Nimemwuliza nikiwa nimepiga magoti, namvua viatu. Amesema anasikia kama zamani. Amesema wewe umepatwa na tamaa."

"Usimlazimishe."

"Simlazimishi. Nitaishi naye hivyo hivyo, nitampikia, nitampeleka kanisani, na kila wakiimba nitamtazama nijue anasikia nini." Alifuta kioo cha mbele kwa kiganja, ingawa hakikuwa na ukungu. "Ukurasa mmoja, Piusi. Hautoshi."

"Najua."

"Zilizobaki hutazitaja?"

"Hizo za nyuma, hapana. Niliapa." Akasita. "Ila jingine lolote nitakaloandika kuanzia leo litakuwa na jina langu. Hata kama ni la kuimbia ng'ombe."

Brigita alitazama barabara nyekundu iliyokuwa inakauka. Kulikuwa na tope shavuni mwake na hakulijua. Safari hii Piusi hakungoja. Alilifuta kwa kidole gumba, naye hakurudi nyuma. Alifumba macho tu, akakilaza kichwa katika kiganja kile kwa muda mfupi, kama mtu aliyepewa dakika moja ya kupumzika katikati ya mzigo.

Kisha akanyooka, akashika usukani.

"Mwambie mzee Julius arudi Jumapili," akasema.

"Mwalimu atamfukuza."

"Hatamfukuza. Atampa chai, na atamwambia yale yale. Acha ayaseme." Akawasha gari. "Baba akimaliza, nitaomba wazee waniulize mimi. Jibu nitalitoa mimi."